Kisangani: Fundi wa ordinateri aseme ugonjwa kabla ya kuuza dawa

Mama mmoja mwenye sekretaria ndogo katika komine ya Makiso, nyumba ya kuchapa na kufotokopi karatasi kama zile nyingi za katikati ya mji, alifika kazini asubuhi ya Jumatatu akakuta ordinateri yake ya mezani haionyeshi kitu. Kurani ilikuwa imekatika usiku na kurudi alfajiri. Vantilateri ilizunguka, taa ya mbele iliwaka, lakini ekrani ilibaki nyeusi kama chungu. Akamwita fundi. Fundi alikuja juu ya toleka, akabonyeza kitufe mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akatoa hukumu kabla hata ya kutoa bisibisi mfukoni: "Mama, kadi mama imekufa. Dola 70, na kazi yangu 15."

Mama alitoa dola 40 za kuanzia. Kadi mama ilipaswa kutoka Butembo, na barabara ya Butembo kila mtu anaijua. Siku tisa mashini ilikaa chini ya kitambaa huku wanafunzi wenye kazi zao za mwisho wa masomo wakipita mlangoni na kuingia kwa jirani. Siku ya kumi kijana mmoja wa Mangobo, anayetengeneza redio na si ordinateri, alikuja kuchapisha barua akauliza kwa nini mashini imefunikwa. Akaifungua. Akatoa bareti mbili za kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa gomu ya kufutia ya mtoto wa shule, akapulizia nafasi zake, akarudisha bareti moja tu. Mashini ikatoa mlio mmoja mfupi na ekrani ikawaka. Akarudisha ya pili, nayo ikawa nzima. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa chai.

Kadi mama kutoka Butembo ilifika baadaye. Bado imo ndani ya boksi lake chini ya meza, na zile dola 40 hazikurudi.

Kuna watakaosema yule fundi ni mwizi. Hukumu hiyo ni ya haraka kama ile yake juu ya kadi mama. Inawezekana kabisa kwamba aliamini alichosema. Mashini inayozunguka bila picha inaweza kweli kuwa na kadi mama iliyokufa. Inaweza pia kuwa na bareti yenye kutu, alimantasio iliyochoka, kadi ya picha iliyolegea, ekrani mbovu, au waya wa ekrani uliotoka nusu. Alichagua jibu la bei kubwa zaidi kati ya majibu sita, na hakuna aliyemuuliza amefikaje hapo. Tatizo la mji huu liko kwenye swali hilo lisiloulizwa. Kisangani watu hulipa kipande. Hakuna anayelipa kutafuta ugonjwa, na kwa kuwa hakuna anayekulipa, hakuna anayekutafuta.

Kwenye kituo cha afya mambo hayaendi hivyo, au hayapaswi kwenda hivyo. Mtoto mwenye homa hutolewa tone la damu kwanza, mzazi analipa maabara, karatasi inarudi, ndipo dawa inaandikwa. Muuguzi anayempa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kipimo atapata sawa mara nyingi, maana malaria ni nyingi hapa. Lakini siku homa itakapokuwa ya kitu kingine, mtoto ndiye atakayelipa. Ordinateri si mtoto, sawa. Ila nyuma ya ordinateri ya sekretaria kuna ada za shule za watoto watatu au wanne.

Basi kutafuta ugonjwa wa mashini ni kazi gani? Ni kazi yenye mpangilio, na karibu kila fundi mzuri wa mji huu huanza mahali pamoja: kwenye kurani, nje kabisa ya mashini.

Bwawa la mto Tshopo lilijengwa miaka ya 1950, wakati mji ukiitwa Stanleyville, na lina mitambo mitatu. Kwa miaka mingi wakaaji wamezoea kusikia kwamba mtambo mmoja au miwili imesimama. Kinachobaki hugawanywa kwa zamu, delestaje juu ya delestaje, na mji umekua mara nyingi kuliko ule ambao bwawa lilijengewa. Kurani inayopaswa kuwa volti 220 hushuka jioni kila mtu anapowasha, na hupanda ghafla majirani wanapokatwa. Inaporudi baada ya giza refu, hairudi kwa upole. Friji zote za mtaa zinaanza kwa pamoja, volti inaruka juu na chini, na kitu cha kwanza kupigwa ndani ya ordinateri ni alimantasio, lile boksi la chuma la nyuma linalogeuza 220 kuwa volti 12, 5 na 3,3.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisihusu mashini. Liwe: jana usiku kulitokea nini? Na la pili: kwa jirani je? Kama nyumba tatu za mstari mmoja zimepoteza televisheni na friji usiku uleule, huenda waya wa kati, ule wanaouita netri, umekatika kwenye nguzo. Hapo kinachoingia ndani ya nyumba si 220 tena, kinaweza kukaribia 380. Fundi anayebadilisha alimantasio bila kujua hilo ataweka mpya, na mpya itaungua kesho yake, na mteja atasema vipande vya Dubai ni vibaya. Multimetri ya bei ndogo kabisa inatosha kujibu swali hili kwa dakika moja kwenye tundu la ukuta. Ajabu ni kwamba mafundi wengi wanatembea na sidii tano za Windows na hawana multimetri.

Ralonji nayo ichunguzwe. Zile za plastiki nyeupe zenye matundu sita zina vyuma vyembamba ndani vinavyolegea, na plagi ya ordinateri ikicheza kidogo inatoa cheche. Mashini inayozimika kila mtu anapopita karibu ya meza mara nyingi ni nzima. Kuna pia kile kidude chekundu nyuma ya alimantasio za zamani, kinachosogezwa kati ya 115 na 230. Mtoto akikisogeza kwenda 115 na mtu akachomeka kwenye kurani ya hapa, mlipuko unasikika nyumba ya pili. Fundi asiyeangalia kidude hicho kabla ya kuchomeka amekwisha kuchagua kubahatisha.

Tukishatoka ukutani, tunaingia kwenye alimantasio yenyewe. Kipimo chake kinajulikana: unachomoa plagi yake kubwa kutoka kwenye kadi mama, unaunganisha waya wa kijani na mmoja wa nyeusi kwa kipande cha waya, na vantilateri yake inapaswa kuzunguka. Kisha unapima. Waya wa manjano usome kati ya 11,4 na 12,6, mwekundu kati ya 4,75 na 5,25, wa rangi ya machungwa karibu na 3,3. Mafundi wengi wanajua sehemu ya kwanza na kuishia hapo: imezunguka, basi ni nzima. Hapana. Alimantasio iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12 ikiwa haina mzigo, halafu ikaanguka hadi 10 inapoombwa kulisha disiki na prosesa kwa pamoja. Kwa hiyo ipimwe pia ikiwa imefungwa kwenye mashini, wakati mashini inajaribu kuwaka. Na boksi lenyewe lisifunguliwe na mtu asiyejua. Ndani yake mna kondansa kubwa zinazoweka zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kutolewa, na vijana wameshatupwa chini na mashini walizodhani zimelala.

Jambo moja dogo hapa, kwa kuwa watu wengi huuliza. Ile hali ya kuguswa na kurani kidogo, kama mchwa wanatembea kidoleni, unapoweka mkono kwenye chuma cha ordinateri, si uchawi na mara nyingi si ugonjwa wa mashini. Ni nyumba isiyo na waya wa ardhi. Alimantasio imetengenezwa kupeleka mabaki kidogo ya kurani ardhini. Isipopata ardhi, mabaki yanakaa kwenye chuma yakisubiri mkono wako. Dawa yake ni fundi wa nyumba, fimbo ya chuma ardhini na waya wa tatu.

Baada ya kurani, sikio. Ordinateri inapowaka hujichunguza yenyewe kabla ya kitu chochote kuonekana, na ikikuta kasoro husema kwa milio. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni habari njema. Milio mirefu inayojirudia bila kukoma, kwenye mashini nyingi, ni kumbukumbu. Kila kampuni ina lugha yake, kwa hiyo fundi aangalie jina la BIOS kabla ya kutafsiri. Lakini kuna kadi mama nyingi zisizo na kispika cha ndani, na mashini iliyokatwa ulimi haiwezi kulalamika. Kispika hicho ni kidogo kuliko kidole gumba na kinachomolewa kwenye mashini yoyote iliyokufa. Fundi mwenye nacho mfukoni ana nusu ya jibu kabla ya kukaa. Mashini ya yule mama wa Makiso haikuwa nacho. Yule kijana wa redio alipachika cha kwake.

Kisha njia ya kupunguza: toa kila kitu kisicholazimu. Disiki, sidii, kadi za ziada, hata panya na klavye. Acha kadi mama, prosesa, bareti moja, alimantasio. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja hadi ikatae. Kile ulichorudisha mwisho ndicho kinachoshukiwa. Njia hii haihitaji intaneti wala diploma. Inahitaji nusu saa ya subira, na hiyo nusu saa ndiyo hakuna anayetaka kuilipa.

Kisangani iko karibu kabisa juu ya ikweta, na hewa yake ni ya maji mwaka mzima. Hilo linabadilisha orodha ya magonjwa. Katika vitabu vya Ulaya vumbi ni tatizo la usafi. Hapa vumbi jekundu la barabara linachanganyika na unyevu na kuwa kitu kinachokaribia udongo wa matofali. Linaziba mabati membamba yaliyo juu ya prosesa, joto linakosa njia, na mashini inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mteja anaona polepole, anasema virusi. Fundi anakubali, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, mashini inarudi nyumbani na vumbi lilelile na wiki ya pili inakuwa polepole tena. Ikizimika yenyewe baada ya dakika kumi, na kuwaka ikipumzishwa, usitafute virusi. Fungua ubavu, shika burashi ya rangi na pampu ya toleka, kisha angalia ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na bati lake kama imekauka kuwa unga. Mara nyingi imekauka, maana mashini imefika hapa ikiwa na miaka kumi Ulaya tayari.

Unyevu huohuo ndio uliokula meno ya bareti za yule mama. Na wadudu: sisimizi, mende, mijusi midogo. Ndani ya ordinateri mna joto na giza, ni nyumba nzuri. Mjusi mmoja aliyekauka juu ya kadi mama anaweza kuunganisha nyaya ambazo kiwandani walizitenganisha kwa makusudi.

Mashini za okazio zina historia yao pia. Zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilipatwa na balaa ya kondansa mbovu, zilizoingia kwenye kadi mama za kampuni kubwa na ndogo duniani. Ulaya na Marekani zilitupwa au kuuzwa, na nyingine zimemaliza safari yake hapa. Kondansa hizo zinatambulika kwa macho: kichwa kilichopaswa kuwa bapa kimevimba kama mkate, au kimepasuka na kutoa uchafu wa kahawia. Mashini yenye kondansa hizo huwaka leo, hukataa kesho, hukwama katikati ya kazi bila sababu. Hapa ndipo wazee wa redio wanapowapita vijana wa ordinateri. Mzee aliyefundishwa kutengeneza redio za transista anajua kusoma kondansa, anajua kwamba mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe sawa au zaidi, anajua kuunguza risasi bila kuchoma ubao. Kwa vipande sita vya bei ya sambusa anaokoa kadi mama ambayo kijana angeiandikia dola 70. Inasikitisha kuona wazee hao wakifunga meza zao sokoni huku vijana wa barabara ileile wakisema ordinateri haitengenezwi, inabadilishwa.

Ugonjwa unaochekesha zaidi, na unaokula pesa za watu bure zaidi, ni wa pili. Kwenye kadi mama kuna pili moja bapa kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe mashini inapokosa kurani. Mashini ya Kisangani inakosa kurani kila mara, kwa hiyo pili hiyo hufanya kazi kuliko mahali pengine na kuchoka mapema. Ikichoka, kila mashini inapowaka inarudi kwenye mwaka wake wa zamani, 2009 au 2012. Sasa mteja anafungua intaneti, na kila ukurasa unakataa ukisema si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya kurasa hizo vina tarehe, na kwa mashini inayoamini ni mwaka 2009 vyeti hivyo havijazaliwa bado. Mteja anasema intaneti imeharibika. Mwenye kuuza intaneti anasema mashini ina virusi. Fundi anaweka Windows upya. Baada ya delestaje inayofuata yote yanarudi. Wakati huo sekretaria imechapisha hati zenye tarehe inayojiandika yenyewe, na mtu amepeleka ofisini barua ya mwaka 2009 kuhusu kiwanja alichonunua mwaka jana. Ofisini watamuelewaje?

Mpaka hapa hasara ni ya pesa na siku. Kwenye disiki hasara ni ya kitu kisichonunuliwa.

Chuo kikuu cha mji huu kilianzishwa mwaka 1963, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Kila mwaka maelfu ya kurasa za kazi za wanafunzi zinazaliwa kwenye disiki za mashini za okazio, nyingine hazina nakala popote. Mwanafunzi mmoja wa kilimo alipeleka mashini yake kwa fundi kwa sababu ilikuwa ikikwama. Ndani kulikuwa na vipimo vya mashamba ya msimu mzima kando ya barabara ya Buta, mihogo aliyoihesabu kwa mikono yake. Fundi hakuuliza. Akafomati. Akarudisha mashini safi, yenye Windows mpya na picha ya maua, akaomba dola 10. Wiki ya pili ikaanza kukwama tena, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bareti moja mbovu. Mihogo ilikuwa imekwishang'olewa na hakuna cha kuhesabu tena.

Kufomati si uchunguzi. Ni kama kuosha maiti ili kujua alikufa na nini. Disiki inayogonga, tak, tak, tak, isiwashwe tena na tena kwa kujaribu bahati; kila mzunguko unakwangua. Disiki inayosomeka bado, hata kwa shida, inakiliwe kwanza kwenye nyingine, ndipo mtu aguse. Disiki zenyewe huandika hesabu ya sehemu zilizokufa ndani yake, na programu ya bure inasoma hesabu hiyo kwa dakika. Kumbukumbu nayo ina programu yake ya bure, MemTest86, inayoendeshwa kutoka kwenye ufunguo wa USB usiku kucha kama kurani ipo. Ingeachwa ifanye kazi kwenye mashini ya yule mwanafunzi, ingeonyesha mistari myekundu kabla ya jogoo kuwika.

Mafundi nao wana la kusema, na wanastahili kusikilizwa. Wanasema mteja huongopa. Mashini imeanguka kutoka mezani, yeye anasema imezimika yenyewe. Soda imemwagika, yeye anasema ni unyevu. Wanasema mteja akiambiwa alipe franka elfu chache za kuchunguza, anacheka: "Kwa hiyo nilipe ili uniambie imeharibika? Hilo ninalijua." Wanasema njia bora ya kujaribu ni kuweka kipande kizima mahali pa kinachoshukiwa, na kipande kizima ndicho hawana. Vipande vinapanda kwa ndege kutoka Kinshasa, au kwa boti siku na wiki juu ya mto, au kwa barabara kutoka upande wa Bunia na Butembo, na vingine vinafika vikiwa wagonjwa kuliko vile vinavyokuja kuvibadilisha. Fundi anayejaribu mashini yako kwa alimantasio ya okazio isiyopimwa hajui ni nani kati ya wawili anayeumwa.

Yote hayo ni kweli. Ila hayaelezi kwa nini mtu atangaze kifo cha kadi mama bila kufungua mashini. Kukosa kipande cha kujaribia ni sababu ya kusema "sijajua bado", na neno hilo ni gumu kutamkwa na fundi wa Kisangani, kwa sababu wateja wamemfundisha kwamba anayesita hajui kazi. Mteja anamkimbilia anayejibu haraka. Hapo wenye mashini wana sehemu yao ya lawama, na si ndogo.

Kinachowezekana si kikubwa. Bei ya uchunguzi itajwe peke yake, mbele, ndogo, na ilipwe hata kama mashini haitaponywa. Mteja akikubali kutengenezewa palepale, ipunguzwe kwenye bei ya kazi. Jibu liandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: kurani imepimwa kiasi gani, alimantasio kiasi gani, nini kimetolewa, nini kimerudishwa, nini kinashukiwa. Karatasi hiyo mteja anaweza kuipeleka kwa fundi mwingine bila kuanza upya. Kipande cha zamani kirudi kwa mwenyewe ndani ya mfuko, maana kipande kinachosemwa kimekufa na kubaki kwa fundi kina tabia ya kufufuka kwenye mashini ya mtu mwingine. Na pasifomatiwe kitu kabla mwenye mashini hajaulizwa, kwa maneno haya haya: kuna nini ndani, na kuna nakala?

Mafundi wenyewe, kwa kila komine, wangeweza kuchanga wakawa na sanduku moja la pamoja: alimantasio moja iliyopimwa, bareti za aina tatu, ekrani moja, kispika, multimetri nzuri. Makiso wana sanduku lao, Tshopo lao, Mangobo, Kabondo, komine Kisangani, na Lubunga ng'ambo ya mto pia, kwa sababu kuvusha ordinateri kwa pirogi ili ikaambiwe pili imeisha ni mateso. Watu wa mji huu wanachangia likelemba kununua friji na mabati. Hawatashindwa na multimetri.

Na wenye mashini waanze na yaliyo mikononi mwao. Kurani ikikatika, chomoa, usingoje irudi kwanza. Chomeka dakika kumi baada ya kurudi, majirani wakishatulia. Stabilizateri inasaidia kama uzito wake unalingana na mzigo, si ile ndogo inayobeba ordinateri mbili, printa na feni ya mama. Printa kubwa ya fotokopi isikae nayo kwenye ralonji moja. Na fundi akifika, mwambie ukweli, hata ule wa soda.

Yule mama wa Makiso sasa ana daftari limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ndani ameandika tarehe kurani ilipokatika, saa iliporudi, na mashini ilifanya nini. Fundi wa kwanza alipita wiki iliyopita kuomba apewe kazi ya printa. Alipewa daftari asome kwanza, akasoma akiwa amesimama, kisha akauliza kama kuna mtu mwenye multimetri.